Mgeni Aliyeogopa Simu za Wasikilizaji

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba, salamu zako zimefika. Babu yako kifua kimepoa, leo yuko shambani anachuma kahawa. Sasa nawe umeanza utangazaji, unaniuliza kama mgeni maarufu aliwahi kunitia hofu redioni.

Nilipokuwa natangaza burudani ya Jumamosi hapa Mbinga, alikuja mchekeshaji kutoka Dar es Salaam. Kipengele cha simu kilipokaribia, alininong'oneza, "Dada, baba yangu alizaliwa kijiji cha huku, Mbuji, nami Kimatengo chenu sikijui. Watanizomea."

Wa kwanza kupiga alikuwa bibi mmoja. "Mwanangu, wewe ni wa nani?"

"Wa Kinunda, yule seremala. Ila lugha ya nyumbani siijui, mama."

Kimya. Mkono wangu ulishafika kwenye kitufe cha muziki, nikajizuia.

"Kinunda ndiye aliyenitengenezea kitanda," bibi akasema. "Sauti yako ni yake kabisa. Karibu nyumbani."

Mchekeshaji alishusha pumzi, akacheka huku machozi yanamtoka, nami vilevile. Vichekesho alivyoviandaa hakuvigusa, wala hakuna aliyevidai.

Basi mgeni wako au msikilizaji akinyamaza hewani, usikimbilie muziki. Mimi tangu siku ile kimya hakijanitisha tena.

Akupendaye,
Bibi Agnetha