Vidonge Ulivyoacha Macalder

Kaka Owino,

Kuna jambo ambalo ukiwa hai sikukueleza.

Ulikuja kliniki yetu hapa Migori ukitoka machimbo ya Macalder, shati likikupwaya, ukikohoa damu. Wachimbaji wenzako walisema ni vumbi la dhahabu. Darubini ilionyesha kifua kikuu. Miezi miwili ulimeza dawa mbele yangu kila asubuhi. Ukapata nguvu, ukaanza hata kulalamika kwamba nakupakulia ugali kidogo.

"Nyamera, nimepona," ukasema. "Nipe za kubeba. Shimo langu litachukuliwa na watu."

Mgonjwa mwingine ningemkatalia mpaka alete mtu wa kumsimamia. Wewe nilikufungia za mwezi mzima kwa sababu u kaka yangu.

Ulimeza wiki mbili kwa kurukaruka, kisha ukaacha. Zilizobaki ukampa mwenzako aliyekuwa anakohoa. Uliporudi, ulibebwa.

"Dawa ni ileile. Mbona sasa haishiki?" uliniuliza.

Nilikurekebishia mto tu. Jibu lilikuwa hili. Bakteria waliokuwa kifuani mwako hawakuwa sawa wote. Katika mamilioni, wachache huzaliwa na tofauti ndogo inayowakinga na dawa fulani. Ndiyo maana tunatoa dawa kadhaa pamoja: anayeponyoka hii, ile inamkamata. Ulipomeza leo na kuruka kesho, walio dhaifu walikufa, wagumu wakabaki. Wakapata nafasi yote, wakazaa wagumu wenzao. Hakuna aliyewafunza ukaidi. Sisi tuliwaondolea majirani tu.

Ulifariki kabla ya mvua ndefu. Tulipokuzika, mkeo Akinyi alikuwa ameshaanza kukohoa. Hakuwahi kumeza kidonge cha kifua kikuu maishani mwake. Tukamwanzishia dawa zilezile za kawaida, lakini miezi ikapita na makohozi yake bado yalikuwa na bakteria. Tuliyatuma Nairobi. Majibu yalipokuja yalisema ni sugu, na mimi nilijua bakteria hao walikoupatia usugu huo. Tukambadilishia dawa. Alimeza zaidi ya mwaka, akitapika, akilia, na sikumruhusu aruke hata siku moja.

Alipona. Sasa yuko Homa Bay, anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Juma lililopita nilimtembelea, nikamkuta akianika. Aliniuliza bila kuinua kichwa:

"Huu ugonjwa, ni Owino alinipa?"

"Ndiyo. Ule uliokuwa umeshakuwa sugu."

"Alijua?"

"Hakujua. Mimi ndiye nilijua, na nikampa dawa aende nazo."

Alitandaza omena mpaka wavu ukajaa. Kisha akasema, "Mimi umeniambia. Yeye je?"

Basi nimekuambia, kaka. Siombi uniondolee lawama, maana huwezi. Nilitaka tu swali lako la siku ile lisibaki bila jibu.

Lala salama.

Nyamera wako wa kliniki