Kidole juu ya ukurasa wa Ngabu

Mupenzi Baba,

Tangu tulikuzika, Biblia yako iko mu chumba cha maombi hapa Mudzipela. Mama aliipa kanisa, sababu ulikuwa katekista wao. Kila nikiingia naiona juu ya meza, mugongo wake umevunjika, na ni kama weye umekaa nyuma yake unanitazama.

Unakumbuka ulivyonifundisha kusoma? Nikimaliza mustari moja nataka kukimbia kucheza, na weye unaniita: "Rudi, mama. Nani anasema? Anamwambia nani? Soma ya juu, soma na ya chini." Ninalia. Mama anakucheka: "Umuache, hatakuwa padri." Weye unajibu: "Atakuwa mama. Ile kazi inapita ya padri."

Sikujua ulikuwa unaogopa nini. Kiisha kifo chako ndiyo Mama alinieleza. Ngabu, kaka yangu niliyemukumbuka kidogo tu, alishikwa na homa. Ulifanya kama watu wa maombi wanavyofanya wakitafuta neno: ulifunga macho, ukafungua Biblia, ukaweka kidole. Kiliangukia yule binti aliyeliliwa na watu, na Yesu akasema analala tu. Ulifurahi. Hukumupeleka hospitali. Mulipomaliza kuimba, Ngabu alikuwa baridi.

Hukuweka kidole tena mpaka kufa.

Sasa sikia, Baba. Furaha, mutoto wangu, alipata homa. Bwana yangu iko kule Kilo, anatafuta dhahabu mu migodi. Mimi nilichoka hata kusimama. Mama mukwe akamubeba Furaha mpaka kwa maombi, mimi nikawafuata pole pole. Mama Neema, mwenye kuongoza, akafunga macho, akafungua Biblia yako, akaweka kidole.

"Haleluya! Mutoto analala tu!"

Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nikapita katikati yao. Nilijua sababu kidole kiliangukia pale tena: miaka yote kiisha Ngabu ulirudia ukurasa ule, mpaka kitabu kikazoea kufunguka pale chenyewe.

"Nipeni mutoto," nikasema.

"Unamupeleka wapi?" Mama Neema akauliza. "Neno limekuja!"

"Lilikuja kwa binti ya yule muzee wa sinagogi. Jina la baba yake limeandikwa pale. La Furaha liko wapi?"

"Ee! Binti ya katekista anabishana na Mungu!"

"Sibishane na Mungu, Mama. Ninabishana na kidole."

Nikamufunga mugongoni na kikwembe, nikaenda hospitali. Walimupiga sindano siku nyingi. Akapona.

Siku ya Mungu, mu kanisa, Mama Neema akatoa ushuhuda kwamba neno limetimia. Watu wakapiga makofi. Mama mukwe akanisukuma: "Simama, shukuru." Nikasimama, nikashukuru, nikanyamaza juu ya sindano.

Tangu pale sina amani. Ninafua nguo za Furaha, nasikia mutoto mwingine anakohoa nyuma yangu, nawaza naye watamuwekea kidole. Herufi zilikuwa zile zile, Baba. Kwa Ngabu na kwa Furaha hazikubadilika. Neno likisha kuandikwa linapita mikono ya watu, na mwenye kulisema haiko karibu aseme, "Hapana, sikusema hivyo." Hata weye umekuwa vile. Wanasema, "Katekista alikuwa mutu wa imani, angekubali," na huwezi kuwajibu.

Jana mama mumoja mugeni, aliyetoka Gety, alileta mutoto wake anayetapika. Mama Neema akanyoosha mukono kwa Biblia. Nikatangulia kuweka mukono wangu juu ya Biblia, na nikataja jina la Ngabu. Nilieleza yote: homa, kidole, nyimbo. Najua hukupenda watu wajue. Nilikupenda sana, lakini aibu yako haiwezi kupita uzima wa mutoto.

Mama Neema alirudisha mukono wake. Yule mama wa Gety alimunyanyua mutoto wake, akaniuliza pole pole: "Hospitali iko upande gani?"

Nilimusindikiza.

Kule uliko, Baba, umushike Ngabu muzuri. Mimi nashika hawa wa huku.

Binti yako,
mama ya Furaha