Upembo Wako, Tata

Mpendwa Tata, baba yangu,

Shikamoo huko uliko. Mjomba anasema wewe ulikuwa mfagizi wa soko tu. Nakataa! Mlikuwa sita mnaofagia soko la Kayanga, lakini moto ukizuka ni wewe uliyetangulia na upembo wako, ule mti mrefu wenye ndoana ya chuma, na wenzako wakakufuata.

Unakumbuka kiangazi kile mgahawa ulipowaka, upepo ukielekea kwenye safu ya maduka yaliyoezekwa nyasi? Watu walikimbia na vibuyu kumwagia maji palepale panapoungua. Wewe ukafoka, "Huo umeshakwenda, uacheni! Tuezue duka la tatu, moto ukose cha kula!" Ukawapanga wenzako: hawa watoe watu na mali, wale wakate migomba waitandaze mbichi njiani mwa moto. Nami nikakushikia ngazi, nikiwa na gauni langu la kanisani.

La tatu lilikuwa duka la mjomba, kaka yake mama. Na kwetu, Tata, kumwezua mtu paa ni kumwambia ahame. Mjomba akasimama mlangoni na panga. "Ukigusa paa langu, undugu umekwisha!"

"Utanichukia ukiwa hai, shemeji," ukamjibu, ukavuta.

Moto ulifika kwenye ile migomba ukazimika. Maduka yote ya mbele yakapona. Mjomba akahamia mwisho wa safu, akaezeka duka jipya, jirani na nyumba yetu, asikusalimie hata siku moja. Niliona ulivyokuwa ukimwamkia kila asubuhi, naye anageuza uso. Iliniuma, na bado inaniuma.

Ulipofariki alisimama kwenye matanga, mbele ya watu wa kanisa, akasema ulimwezua kwa kijicho, na upembo ule uvunjwe. Nikaukumbatia. Nikamwambia, "Labda univunje mimi kwanza." Shangazi wakashika vinywa: msichana gani huyu?

Sasa sikia. Juma lililopita moto ulizuka tena, safari hii upande wetu, kwenye banda la rubisi, ile pombe ya ndizi. Wanaume mbio na vibuyu, kosa lilelile! Kati ya banda na duka la mjomba ilibaki nyumba moja tu, ya kwetu. Nilimtoa mama, nikaita vijana wakate migomba, nikapanda ngazi. Nikatia ndoana kwenye paa ulilotuezekea kwa mikono yako. Nililia, Tata, sikufichi. Lakini nilivuta mpaka kuta zikabaki tupu, na moto ukaishia hapo. Duka la mjomba halikupoteza hata unyasi mmoja.

Jana alileta mafungu ya nyasi, kimyakimya, akayaweka mlangoni. Nimemrudishia yote. Nyasi nitakata mwenyewe. Ninachotaka kwake ni maneno machache, ayatamke sokoni mbele ya walewale waliokuwa kwenye matanga: kwamba siku ile ulipomwezua, ulikuwa kazini.

Nilidhani mama atanigombeza kwa ajili ya kaka yake. Mawingu yametanda, na tumejibanza jikoni na vyombo vyetu. Ametazama juu, akasema, "Acha inyeshe, mwanangu."

Basi tunakaa hivi hivi, Tata, mpaka aseme. Upembo nimeusimamisha pale paa lilipokuwa. Mjomba akifungua duka asubuhi, ndicho kitu cha kwanza anachokiona.

Pumzika kwa heshima yako.

Ni mimi binti yako, mshika ngazi