Jumamosi za Shemeji

Stoo ya kayaki, Jumatano mchana

Kwako Dada,

Hujambo? Mguu unaokanyagia cherehani umeacha kuvimba? Na Kibibi je, lile jino la mbele limeshang'oka au bado analichezea kwa ulimi mezani? Mimi ni mzima, isipokuwa mbu, ambao huku ni wengi kuliko wateja, na mabega, ambayo hayajapona tangu nianze kazi hii.

Barua yako niliipata jana kutoka kwa dereva anayetuletea vyakula. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Unasema umechoka. Unasema kila Jumamosi Shemeji anaaga kwamba anakwenda kazini, wakati unajua fika kuwa ofisi yao ya kukagua mizani hufungwa Ijumaa. Anarudi jioni nywele mbichi, shati limekunjamana, ananukia manukato yasiyo yako wala yake, anakula kama mtu aliyelima, kisha analala fofofo hujamaliza hata kumpa habari za mchana. Unataka nije Jumapili na pikapu ya kambi nikuhamishe, wewe, mtoto, cherehani na vitambaa, niwapeleke kwa Mama. Tena nisimwambie mtu.

Pikapu nimeshaiomba na bosi amekubali, kwa hiyo usije ukasema mdogo wako alikukatalia. Lakini kabla hujaanza kufunga vitambaa, nakuomba ukae kitako unisome mpaka mwisho, maana nakujua, huwa unaruka katikati.

Hayo manukato ni mafuta ya mchaichai. Tunawapaka wateja ili mbu wasiwamalize. Na anayempaka Shemeji ni mimi, tena nyuma ya masikio, maana hapo yeye husahau.

Ndiyo, Dada. Jumamosi zote hizo alikuwa huku kwangu. Vuta pumzi, nitukane ukiridhika, halafu uendelee kusoma.

Alikuja mara ya kwanza mvua zilipokatika, akiwa amevaa tai. Nilidhani kuna msiba nyumbani. Akaniambia hapana, amekuja kama mteja yeyote, anataka kujifunza kupiga kasia, na akaniapisha nisikwambie. Niliapa huku nacheka, kwa sababu nilijua hatarudi.

Wewe uliyenibandika jina la Chura tangu utotoni hujawahi kufika hapa, kwa hiyo ngoja nikueleze. Wageni tunawagawa mafungu. Wasiojua kitu tunawaita vifaranga. Hao tunawazungusha kwenye kinamasi, kati ya matete na mayungiyungi, mahali ambapo maji yametulia na ukianguka unasimama kwa miguu yako mwenyewe. Wanaojuajua ni bata, hao wanapita kwenye mfereji mwembamba, korongo wakiruka mbele yao, mpaka mto unapoanzia. Wazoefu ndio wanaoteremka na mto wenyewe hadi kwenye kona ya mawe.

Shemeji ni kifaranga. Waliokuja naye siku ile wameshakuwa bata, wengine wazoefu. Kuna nesi mstaafu, mama wa watu mwenye miwani iliyofungwa kamba, alianza nyuma yake akampita. Kila wakikutana humwambia pole mwanangu, naye Shemeji hujibu ahsante mama, huku kayaki yake, kale kamtumbwi kembamba ka mtu mmoja, inazunguka palepale. Hupiga kasia kama anayepima unga dukani, kulia sawa na kushoto sawa, na haendi popote.

Lakini kilichomkwamisha si mikono. Kwetu hakuna anayetoka kwenye kinamasi kabla hajapinduka kwa makusudi. Unajibinua pamoja na kayaki, kichwa kinakwenda chini ya maji, unajichomoa, unatokea juu umeshika kasia lako. Kiongozi anasimama pembeni, maji kifuani, tayari kukunyanyua. Kila Jumamosi Shemeji alikuwa na udhuru. Mara mafua, mara saa ya mkononi, mara chai aliyokunywa haijashuka. Niliona anavyoyatazama maji, nikajifanya nakaza kamba za jaketi lake la kuelea. Dada, mumeo anayaogopa maji kuliko mimi ninavyokuogopa wewe. Nilimwambia aache tu, hakuna anayemlazimisha. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Taulo hana. Anasema ungeona limepungua kwenye kamba. Kwa hiyo hujifuta kwa shati lake, akakaa kwenye gati magoti pamoja, akingoja jua limkaushe kabla basi halijafika. Hakauki. Nilimpa la kambi akalikataa, eti litamwachia harufu. Na mchaichai shingo nzima! Mwongo wa namna hiyo, Dada, angekuwa na mwanamke ungemkamata siku ya kwanza.

Jumamosi iliyopita akapinduka. Hakuniambia kitu. Nilikuwa nimegeuka kumwelekeza yule nesi, nikasikia chubwi, nikaona tumbo la kayaki liko juu. Niliruka, lakini kabla sijamfikia alitokea mwenyewe, anakohoa, majani yananing'inia sikioni, kasia mkononi. Nesi alipiga makofi. Shemeji akajifuta uso, akasema basi sasa muuza soda apumzike.

Nilicheka kwa nguvu. Kisha nikaona yeye hacheki.

Hapa ndipo nilipokuwa napazunguka tangu juu, na naomba usikunje karatasi. Unaikumbuka siku ile kwenye bwawa la kuogelea, Kibibi alipoteleza kwenye ngazi. Shemeji alibaki ukingoni amenyoosha mkono, anaita njoo kwa baba, njoo kwa baba, na mtoto anakunywa maji. Aliyeruka ni muuza soda, na aproni yake. Tangu hapo hujaacha kuisimulia, Dada. Unasimama, unanyoosha mkono, unaigiza sauti yake, watu wanashika mbavu. Siku ya kuzaliwa kwa Kibibi, mtoto alipoomba apelekwe tena kwenye maji, ulimjibu mbele ya wageni kwamba safari hii mtakwenda na muuza soda. Shemeji alicheka kuliko wote. Nami nilicheka.

Kwenye gati, akijikausha, aliniambia kwamba siku hiyo aliosha vyombo vyote vya wageni, hata vilivyokuwa safi, ili asirudi sebuleni. Hakukulaumu. Alisema huna kosa, kwa kuwa kweli hakuruka. Anachotaka ni kimoja tu, Kibibi akitumbukia tena, awe na baba wa kumfuata. Atakwambia akishaweza. Hataki ujue kabla, maana akishindwa itakuwa hadithi nyingine ya kuigiza.

Dada, najua kwa nini unaisimulia. Nilikuwepo. Nilikuona ulivyomkumbatia mtoto, meno yanagongana, ukashindwa hata kufunga vifungo vya gauni lake. Ulianza kucheka kesho yake, na nadhani usingecheka ungelia. Lakini kicheko kilichokutuliza wewe, yeye kinamla. Naumia kukuandikia haya, ila ningeumia zaidi kupakia cherehani yako kwenye pikapu huku nimefunga mdomo.

Kiapo nimeshakivunja, nitajua mwenyewe cha kumwambia. Jumapili nitakuja kama ulivyoagiza. Ukitaka kuhama nitabeba kila kitu, hata lile kabati, wala sitakuuliza neno. Ukitaka twende mahali pengine, pikapu ina nafasi yako na ya Kibibi, na gati letu lina kivuli.

Msalimie Mama, mwambie kikohozi kimeisha, asinitumie tena ile dawa yake chungu. Mbusu Kibibi kwenye pengo, kama lipo. Na Jumamosi asubuhi Shemeji atakuaga tena kwamba anakwenda kazini, na tai yake. Siku hiyo anaingia mferejini na bata kwa mara ya kwanza. Usimuulize chochote. Akiwa bado bafuni, fungua begi lake, umwekee taulo. Lile la wageni, ambalo huwa huruhusu mtu aliguse.

Mdogo wako,
Chura