Fundi Yupo, Katoka Kidogo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza unisamehe kwa kuchelewa, maana barua hii nilipaswa kuiandika wiki tatu zilizopita, siku ileile gari la mteja lilipotoka karakanani kwetu, lakini nikasema kesho, na kesho mtoto akawa anaota meno, keshokutwa nikajipa moyo kwamba labda halitakwama, na karatasi ya kwanza mtoto aliimwagia maziwa, ya pili niliichana mwenyewe.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi kumi, shule sikusoma sana, na mume wangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mabampa mazito ya magari yanayopita njia mbovu, yale yenye masikio mawili ya chuma mbele, ambapo unafunga mnyororo gari likizama kwenye tope ili livutwe. Nasema anatengeneza, lakini ukweli ni kwamba aliondoka miezi minne iliyopita kwenda kutafuta kazi kubwa, akapiga simu mara mbili, ya pili akasema nisiguse mashine mpaka arudi, na tangu hapo simu yake inaita tu, haipokelewi. Wateja walipokuja kuuliza "fundi yupo?" mdomo wangu ulikataa kusema sijui alipo, nikajibu yupo, katoka kidogo.

Basi uongo ule ukageuka kazi. Nilitundika turubai mlangoni mwa karakana, nikavaa ovaroli lake nikikunja miguu mara tatu, mtoto akilala naingia, nachomelea, natoka nasema fundi kamaliza. Kazi naijua mshauri, miaka mitano nimemshikia vyuma, na mwenyewe alikuwa akisema mkono wangu umetulia kuliko wake. Watu wakisifu, "mwambie fundi ana mkono," nawajibu nitamwambia, halafu nikirudi ndani sina wa kumwambia.

Kuna dereva wa gari la chanjo, anayewapeleka wauguzi zahanati za mbali, yeye humwita mume wangu kaka na mimi shemeji. Alileta gari lifungwe bampa jipya. Siku moja akapaza sauti nje ya turubai, "We kaka, mbona siku hizi unaringa, hata salamu?" Nikagonga bamba kwa nyundo mara mbili, ko, ko. Nilipotoka na mtoto mgongoni alikuwa anacheka. "Shemeji, huyu mumeo siku hizi anaongea kwa nyundo!" Nikacheka na mimi, na kusema kweli nilikuwa sijacheka muda mrefu.

Sasa shida yenyewe ni hii. Masikio yale hayatakiwi kushikwa na bamba la mbele la bampa peke yake, yanatakiwa kupenya bamba mpaka nyuma na kufungwa kwa bolti kwenye chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, ndipo gari zima livutwe. Mimi nilikuwa nimeyabandika kwa mbele tu nione kama yamekaa sawa, nikate matundu baadaye, mara mtoto akaamka anawaka homa, nikamkimbiza kwa daktari, na kesho yake asubuhi dereva yuko mlangoni, wauguzi wanasubiri safari, nami nikaona aibu kusema fundi hajamaliza, nikazungushia moto pembeni, nikapaka rangi nyeusi, nikamkabidhi. Rangi nyeusi inaficha vizuri sana, mshauri. Lakini niliwahi kuona sikio liking'oka mnyororo ukiwa umekaza, lilipita juu ya kichwa cha mume wangu likatoboa bati la jirani, na sasa mvua zimeanza, na juzi dereva kapiga simu, "Mwambie kaka bampa limependeza, wiki ijayo tunaingia kwenye tope kulijaribu." Nikasema sawa.

Nikisema ukweli wa masikio, ataomba kuongea na fundi, na fundi hayupo, na mtaa mzima utajua nimeachwa. Kwa hiyo naomba unitumie haya: maneno ya kumwambia dereva, jibu kama naweza kumsingizia fundi, kwa kuwa hayupo wala hataumia, na kama unamjua anayejua, je, kila sikio bolti mbili zinatosha au nne?

Nyuma ya Turubai

*

Nyuma ya Turubai,

Kabla hujasoma mstari wa pili, mpigie dereva. Barua itakusubiri. Kama simu yake haipatikani, nenda zahanati wanakoanzia safari, umwachie ujumbe yeyote utakayemkuta, na usiondoke mpaka auandike.

Umeshapiga? Haya, sasa tuongee.

Maneno uliyoomba ni haya: "Shemeji, usiruhusu mtu yeyote avute gari kwa masikio ya bampa lile. Nimeyachomelea mimi na hayajafika kwenye chesisi. Lilete." Basi. Usiongeze homa ya mtoto, usiongeze machozi. Mtu anayesimama karibu na mnyororo uliokaza hahitaji hadithi yako, anahitaji kichwa chake.

Kumsingizia fundi? Mama, umemwajiri mtu wa hewani, sasa unataka na kumfukuza kazi? Hapana. Na safari hii huwezi kujibu kwa nyundo. Umewaficha watu kwamba unalala peke yako, hilo nakuelewa, wala sikulaumu hata kidogo, mwenye kidonda ndiye ajuaye maumivu yake. Lakini kumpa mtu gari lenye kasoro unayoijua, ukaenda kuanika nguo za mtoto, hapo umekosa, na ulijua unakosa, ndiyo maana umechana karatasi.

Habari za bolti, nimemuuliza fundi wa magari aliye karibu na ofisi yetu. Kasema atakayekutajia idadi bila kuliona gari ni mwongo. Yuko tayari kuja kulikagua likirudi. Na alipoisoma barua yako aliniuliza, "Huyu mama anatafuta kazi?"

Kuhusu mumeo, siwezi kumrudisha, na sitakudanganya kwamba anarudi. Lakini mtaa unaouogopa, nina hakika nusu yake inajua. Ovaroli lililokunjwa miguu mara tatu umelianika wapi muda wote huo? Wamenyamaza kwa kukuheshimu. Turubai liondoe. Ukitaka kuchomelea, chomelea mlango ukiwa wazi, na mtoto ashikwe na mtu mzima.

Kazi ikiisha, niandikie mambo mawili, hata kwenye kipande cha karatasi chenye maziwa: siku gari liliporudi, na ni nani aliyekuja kukushikia mtoto ulipokuwa unakata yale matundu.