Sebule ya Damu ya Mzee

Itigi,
Jumapili mchana.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, dada Kristina anaendelea vizuri na uzazi wake, na mtoto ananyonya. Sisi hatujambo, ila mvua bado na nyuki wamehama mizinga miwili. Nimempa jirani yetu Shukuru barua kwa kuwa anakuja huko Ulemo. Nikikupigia simu, baba hukaa ubavuni mwangu mpaka nikate.

Mama, baba amenichosha. Uliagiza sebule ipakwe rangi ya maziwa. Akaenda dukani mwenyewe, akarudi na ndoo ya damu ya mzee. Nilipomkumbusha agizo lako, akasema mwenye nyumba ni yeye. Fundi Clement akapaka, baba akasema imefifia. Akarudia, baba akasema bado. Mara ya tatu ndipo akaridhika, mimi nikiwapikia na kufuta matone sakafuni. Fremu za milango akakataza zisiguswe, zibaki nyeupe. Viti navyo kavisukuma ukutani, na nikideki hataki visogee hata kiganja. Majirani wananiuliza bucha tunafungua lini.

Lililonimaliza ni la baba mkubwa Antipasi. Jumatano alitoka Kintinku kuja kututembelea. Hata hajavuka kizingiti, baba akamwitikia marahaba kutoka kitini. Kaka yake wa tumbo moja, mama, aliyemtangulia miaka tisa! Mzee akasimama pale mlangoni, akatazama kuta, akasema rangi imempanda mdogo wake kichwani. Akageuka akaenda zake, kuku niliyemchinja akabaki sufuriani. Baba hakuinuka hata kumfuata. Nami nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, kwamba ametuaibisha kwa kiburi.

Sasa nikuambie nililokatazwa. Juzi nilirudi kutoka kisimani miguu peku, nikamkuta anatembea sebuleni peke yake, kiganja ukutani, akihesabu hatua hadi mlangoni. Ndoo iligonga kizingiti. Akasema marahaba. Sikuwa nimemwamkia.

Nilipombana, akakiri. Macho yanamfifia tangu kabla hujaondoka. Nyeupe juu ya nyeupe haioni, ila penye wekundu mzito mlango mweupe bado anauona. Akisikia hatua, huwahi kuitikia marahaba ili mtu asijue kwamba hakumtambua. Aliniapisha nisikuambie, kwa sababu utamwacha dada kabla ya arobaini na kukimbilia nyumbani. Nimekaa na kiapo hicho siku mbili, nimeshindwa. Naona aibu kwa maneno niliyomwambia. Hata hivyo hasira haijaisha, maana angesema mapema angeshatibiwa. Jumanne nampeleka hospitali, atake asitake, na baba mkubwa nitamwandikia mimi mwenyewe.

Tafadhali maliza arobaini, ili baba asinione nimemgeuka bure. Msalimie sana dada na shemeji Leonard, na mtoto mbebe kwa niaba yangu. Baba naye anakusalimu, anasema ni mzima kabisa.

Siku ya kurudi, mama, vaa lile gauni lako jeupe la Pasaka. Ingia taratibu bila kuburuza viatu, la sivyo utaitikiwa marahaba hata wewe. Simama karibu na ukuta, usiseme neno. Nataka akuone.

Mimi mwanao,
Scholastika