Walikamata dawa ya mama

Kasongo, Jumapili. Mvua inapiga mabati toka saa ya chakula na hainyamazi. Afadhali. Inafunika sauti ya mama.

Ninaandika hapa kwa sababu leo sina mutu wa kuambia.

Mama yangu iko na kansa ya tumbo la uzazi. Hospitali walisema haitapona tena, tumurudishe nyumbani. Enfirmiye, muuguzi wa kituo cha afya cha mutaa wetu, Papa Asumani, ndiye alikuwa anatupatia tramadoli ya kutuliza maumivu. Akiimeza, mama aliweza kukaa, kula wali kidogo, hata kunigombeza kwamba sombe yangu ya majani ya muhogo haina chumvi.

Kisha agizo la serikali likatoka. Mutu akikutwa na tramadoli bila ruhusa, iko muuza dawa za kulevya, iko mutu wa gereza. Niliposikia sikukasirika. Mudogo wangu Yuma alikufa kule Lusangi, kwenye machimbo ya dhahabu. Vijana wa kule wanameza vile vidonge ili wachimbe bila kusikia njaa wala uchovu. Yuma alivimeza, hakusikia hata udongo ukianza kupasuka juu yake. Kwa hiyo polisi walipopita wakifunga maduka ya dawa, nilisema mwishowe serikali imeamuka.

Wiki ile ile waliingia kwa Papa Asumani. Alikosa karatasi moja ya ruhusa kutoka Kindu, kwenye makao ya jimbo. Walibeba kartoni zake zote, na yeye mwenyewe wakamupitisha sokoni miguu wazi, watu wakicheka. Alipoachiliwa alikuja kutuletea parasetamoli. Hakunitazama machoni.

Parasetamoli kwa kansa.

Mama alianza kuuma shuka. Mimi ni mwalimu, nilikuwa ninafundisha watoto hesabu huku masikio yangu yamebaki nyumbani. Alhamisi nilimuacha mama kwa jirani yetu, Mama Zaina, nikapanda pikipiki ya Sefu, anayebeba abiria, mpaka Lusangi. Njia ya Kabambare ni matope matupu. Tulifika jua likishuka.

Kule machimboni kila mutu alinionyesha nyumba moja, ya mwanamuke anayeuza vidonge mulango wazi, kama karanga. Alivuta kartoni. Juu yake niliona muhuri wa kituo chetu na mwandiko wa Papa Asumani.

"Hii ni ya kwetu," nilimuambia.

"Ilikuwa yenu," alijibu bila hasira. "Wale walioikamata ndio wananiletea."

Hakutaka kusikia habari ya mama. Pesa niliyobeba haikumutosha, akaonyesha kwa kidole kitenge nilichojifunga. Nilikivua palepale, wachimbaji wakitazama, nikabaki na sketi ya ndani. Vidonge nikavitia ndani ya kiatu cha kushoto mbele yake.

Asubuhi tulirudi. Kwenye bariera, pale polisi wanapofunga njia, polisi mumoja hakugusa mukoba wangu.

"Vua kiatu cha kushoto," alisema.

Cha kushoto.

Nilipiga magoti kwenye matope, nikamueleza yote, kituo, kansa, shuka lililopasuka kwa meno. Alinipiga kofi, hata si la nguvu, kama mutu anayefukuza nzi. "Siku hizi kila trafikanti wa dawa iko na mama mugonjwa," alisema, na wenzake wakacheka. Vidonge akavitia mufukoni.

Tulipoenda mbali kidogo, Sefu aliniambia kwamba yule mwanamuke ndiye anawapigia polisi simu, na jioni vidonge vitakuwa vimerudi kwake. Ni vile wanavyofanya. Alijua, lakini hakuthubutu kunionya, kwani naye anapata chakula chake kwa kupita bariera ile ile.

Mama alisikia pikipiki mbele ya mimi kuingia. Nilimukuta amekwisha kufungua mudomo. Nilimupa parasetamoli nikasema ndiyo yenyewe, nimeileta kutoka mbali.

Aliamini. Alinishukuru, akalala akitazama mabati, akingojea maumivu yaondoke. Alingojea muda mrefu. Kisha akanishika mukono.

"Feza, usitafute tena," alisema. "Sasa ugonjwa unashinda hata dawa yenyewe."

Sikumuambia ukweli. Mupaka sasa sijamuambia.

Leo baada ya misa Mama Zaina amenisuka. Nilitaka misuko minene, iliyopandana, ya kuficha kitu chini. Aliuliza ninaenda sherehe gani. Nyuma ya ukuta mama akalia. Mikono ya Mama Zaina ilisimama kichwani kwangu, kisha akaendelea kusuka, minene zaidi.

Kesho ninarudi Lusangi na vitenge vyangu vilivyobaki. Safari hii sitaficha kitu mbele ya macho ya yule mwanamuke. Nitasimama njiani, porini, nivipange mwenyewe vidonge chini ya misuko. Kwa agizo la serikali, mimi mwalimu nitakuwa trafikanti, na jina hilo haliniogopeshi tena.

Kitu kimoja tu kinaninyima usingizi. Wakinifunga, nani atamugeuza mama ubavu?